Firigisi ya Mgeni

Kama umewahi kunyonyoa kuku mmoja wa Krismasi ukalalamika mgongo, basi kaa kando kidogo. Maurine Osiako alikuwa ananyonyoa kuku arobaini kabla ya saa mbili asubuhi, halafu ndiyo anaenda darasani. Jumatatu hadi Jumamosi, miaka miwili na nusu. Wanafunzi wenzake walikuwa wakisema wamechoka, wamechoka na nini sijui, na yeye alikuwa akiwasikiliza tu, kwa sababu hata kubishana kunataka nguvu.

Kazi yenyewe ilikuwa kwa Chebet, mama mmoja aliyehama kutoka Lugari akafungua kibanda cha kuku nyuma ya soko la Kakamega. Alikuwa akipelekea hoteli tatu za mjini. Mzee mmoja Mwislamu wa Mumias ndiye aliyekuwa akichinja, ili Mwislamu na asiye Mwislamu wale bila kuulizana maswali. Maurine alichovya kuku kwenye maji moto, akanyonyoa, akababua vinyweleo juu ya makaa, akapasua, akatoa matumbo. Firigisi ziliingia kwenye ndoo yake ya kando, maana firigisi ina wenyewe, hupewa mgeni wa heshima, na bei yake si ya mchezo. Chebet hakuwa mtu mbaya. Alilipa kila Jumamosi bila kuzungushana, na siku ambazo biashara imelala alimfungia Maurine vichwa na miguu ya kuku kwenye gazeti akakaange. Lakini maji moto ni maji moto. Vidole vya msichana wa miaka ishirini na mbili vilikunjamana kama vya bibi yake, na ile harufu ilikataa kabisa kutoka, hata kwa sabuni ya kipande. Darasani alikaa dirishani, peke yake. Hakuna aliyemfukuza. Alijitenga mwenyewe kabla hawajaanza.

Utaniuliza, na serikali ilikuwa wapi? Ilikuwepo. Maurine alipoitwa chuo kusomea ualimu wa Kiswahili na historia, alienda saiba akajaza fomu ya mkopo, kompyuta ikamuuliza mambo mia, mnapikia nini, mnalala wapi, nani amekufa, halafu ikaamua kwamba mkopo utalipa sehemu ya karo na familia italipa inayobaki. Familia! Familia ilikuwa mama yake, mjane wa mkata miwa, na nusu ekari kule Butere, mahindi upande huu na miwa upande ule. Mwaka wa kwanza mama aliuza mbuzi wawili. Baada ya hao mbuzi hakukubaki kitu cha miguu minne pale nyumbani isipokuwa meza, na hapo ndipo Maurine alipoenda kuomba kazi kwa Chebet.

Angevumilia hivyo hivyo hadi mwisho, nina hakika, maana alikuwa amekwisha kuzoea kuvumilia. Kilichombana ukutani ni mazoezi ya kufundisha. Kila anayesomea ualimu lazima apelekwe shuleni muhula mzima, asimame mbele ya watoto kuanzia asubuhi hadi jioni, halipwi hata senti, na nauli ni juu yake. Maurine alipangiwa shule moja upande wa Mumias. Sasa niambie, mtu atanyonyoa kuku Kakamega alfajiri na awe gwarideni na wanafunzi Mumias saa moja na nusu, kwa mabawa gani? Akiacha kuku, hana nauli, hana chakula, na chumba chake cha Lurambi kitafungwa kufuli na mwenye nyumba. Akiacha mazoezi, shahada hakuna. Njia iliyobaki ilikuwa kuahirisha masomo mwaka mmoja, na alijua watu walioahirisha mwaka mmoja. Wengine wanauza mitumba pale stejini mpaka leo, na ukiwauliza watarudi lini chuo wanakuuliza unanunua au hununui.

Kwa hivyo alipoona tangazo la basari ya serikali kwa wanafunzi wa mwaka wa mazoezi, alijaza fomu yake siku ileile. Chini kabisa iliandikwa kwamba kamati itatembelea nyumba ya kila mwombaji ili ione hali ilivyo.

Jumatatu akampigia mama yake simu. "Mama, Alhamisi kuna watu watakuja hapo kuangalia nyumba. Ni wale wa basari."

"Wangapi?" mama akauliza.

"Watatu."

"Sawa," mama akasema, na simu ikaisha, kwa sababu salio nalo liliisha.

Maurine baadaye alisema kosa lilikuwa lake. Mimi sioni hivyo. Hebu jiulize, ni nani humwambia mama yake asiwapikie wageni?

Alhamisi jioni mama alipiga simu mwenyewe, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Maurine hakuwa ameisikia tangu mazishi ya baba. Alieleza yote. Jumanne alisiriba nyumba, akaipaka udongo mweupe juu na majivu chini. Jumatano alienda kwa jirani, Mama Mitchel, wakabeba viti vyake vya kochi kupitia kwenye mahindi, kimoja kimoja. Akina mama wa kanisa walimwazima vile vitambaa vyeupe vya kufuma, akavitandika mpaka juu ya redio iliyokufa. Alhamisi yenyewe alichinja majogoo wawili, wale waliobaki.

"Na mwenyekiti wao, anaitwa Jairus, mtu wa heshima sana," mama akasema. "Nilimwekea firigisi kwa sahani yake. Akashukuru, Mau. Akaniombea, akaombea hata boma. Wamekula kuku na obusuma wakaongeza. Hiyo basari umepata."

Maurine alikuwa amesimama kando ya beseni la nguo pale Lurambi. Alijua wale watu walikuja kutafuta umaskini, na mama ameuficha. Angesema nini? Mama yake alikuwa anacheka.

Orodha ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya chifu baada ya wiki tatu. Maurine aliomba ruhusa kwa Chebet akaenda Butere. Akaisoma orodha mara tatu, akaisoma kutoka chini kwenda juu kama vile jina lingeona aibu lijitokeze. Halikuwepo. Karani wa pale, kijana mwembamba aitwaye Chrispinus, alimwona amesimama sana akamwita ndani, akatafuta faili yake.

"Hapa wameandika kwamba familia inajiweza," Chrispinus akasema. Kisha akasoma zaidi, akajaribu kuficha kicheko, akashindwa. "Nyumba safi, viti vya kutosha. Wageni walipokelewa vyema."

"Ni viti vya jirani," Maurine akasema.

"Fomu haina mahali pa kuandika viti ni vya nani." Alipoona uso wake, kicheko kilimwisha. Akafungua droo, akampa karatasi nyingine. "Kata rufaa, dada. Atakuja mtu mwingine, Mwalimu Dorothy. Alistaafu, hana haraka. Lakini mwambie mama..." Chrispinus hakumaliza, naye hakuhitaji kumaliza.

Ukitoka kwa chifu hadi kwao ni mwendo wa dakika arobaini, na Maurine alitembea zote akitafuta maneno. Hakuyapata. Mama yake alikuwa akipalilia, alipomwona akaweka jembe chini na kuanza kumuuliza kama amekula. Maurine akamwambia moja kwa moja, wamesimama hapo kwenye mahindi.

Mama alisikiliza yote. Akajipangusa mikono kwenye leso, taratibu, kidole baada ya kidole. "Kwa hivyo ni kuku ndiye ametunyima."

"Ni kuku, ni viti, ni vitambaa. Wameona hatuna shida."

"Sasa mtu atoke kwake mpaka hapa, juani, nimwangalie tu? Baba yako alikuwa maskini kuliko mimi, Mau, na hakuna mtu alitoka kwa hii boma na mate makavu. Hata mtu wa kuuza dawa ya panya alikunywanga chai hapa."

"Najua, mama."

"Hujui. Ungejua hungekuja kuniambia."

Hapo uchovu wa miaka miwili na nusu ukampanda Maurine kichwani, na mdomo wake ukasema kabla yeye hajaamua. "Nanyonyoa kuku arobaini kila siku nisome. Arobaini, mama. Nanuka kuku mpaka kwa ndoto. Wewe ukachinja wawili tu na umenirudisha kwa arobaini."

Ilikuwa kweli na ilikuwa ukatili, na wote wawili waliona hivyo saa ileile. Mama aliinama akachukua jembe, lakini hakulima. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza dawa inamezwa vipi, "Huyo mwalimu akija, nifanye nini?"

Maurine akamwambia. Viti virudi kwa Mama Mitchel. Vitambaa virudi kanisani. Moto usiwashwe. Akiulizwa mnakula mara ngapi, aseme mara moja. Haukuwa uongo mtupu. Mwezi wa sita, kabla mahindi hayajakomaa, walikuwa wakila mara moja, na miezi mingine ilikuwa hivyo ukiondoa chai. Na kuku jike aliyebaki, yule mwekundu aliyefungwa uzi wa leso mguuni ili asichanganyike na wa watu, apelekwe kwa jirani siku hiyo. Mama aliitikia kila kitu kwa kichwa. Hakubisha hata kimoja, na Maurine angependa sana abishe.

Siku ya rufaa Maurine aliacha kuku na darasa vyote, akawa nyumbani tangu asubuhi. Mwalimu Dorothy alishuka kwa bodaboda saa saba mchana, mama mnene wa miaka kama sitini na tano, mwavuli mkononi, viatu vimejaa vumbi. Saa saba, na mafiga yalikuwa baridi. Wewe kama si wa huko huenda usione uzito wa jambo hilo. Mgeni anafika saa ya chakula, anatupa jicho kuelekea jikoni, haoni moshi.

"Mulembe," akasema mlangoni.

"Mulembe muno, mwalimu. Karibu," mama akajibu, na hilo "karibu" lilitoka limevunjika kiuno. Akampa kigoda. Kilikuwa kile kile kimoja cha jikoni. Yeye na Maurine wakakaa kwenye mkeka.

Mwalimu Dorothy alijipepea na fomu kabla ya kuijaza. Aliuliza juu ya shamba, miwa, marehemu. Mama alijibu kwa maneno machache, macho yakiwa chini. Akauliza juu ya Maurine, anaishije chuoni, na Maurine akasema anafanya kibarua cha kuku sokoni, akaonyesha mikono. Mwalimu akaishika, akaigeuza, akaiachilia.

"Na hapa nyumbani mnakulanga mara ngapi kwa siku?"

Mama alimwangalia binti yake. Maurine akatazama ukuta, ule ukuta mweupe uliosiribwa kwa ajili ya Jairus, ambao hakuna aliyefikiria kuuchafua.

"Mara moja," mama akasema.

Kalamu ikaandika. Na wakati kalamu bado inaandika, akaingia kuku. Alikuwa ndiye yule mwekundu. Alipita katikati yao kana kwamba wao ndio wageni, akaenda hadi nyuma ya mlango kwenye beseni bovu alimozoea kutagia, akajizungusha mara mbili, akakaa. Uzi wa leso ulikuwa mguuni, wa maua ya bluu, na leso yenyewe ilikuwa kiunoni mwa mama.

Mwalimu Dorothy akamtazama kuku. Akaitazama leso.

"Huyo ni wa jirani," mama akasema.

"Anaijua nyumba," mwalimu akasema.

Maurine alitamani ardhi ipasuke. Alijua imekwisha, alijiona tayari kesho alfajiri, mikono ndani ya maji moto, kuku wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka uzee. Mwalimu Dorothy aliendelea kuandika kitu kirefu ambacho hawakukiona. Kisha akaomba maji ya kunywa. Mama aliruka akaleta kikombe cha bati kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, na alipokuwa amesimama pale akingojea kikombe, macho yake yalizunguka nyumba nzima. Nadhani alikuwa akitafuta lolote la kuongeza juu ya yale maji, ndizi, muwa, kipande cha kiazi. Maurine akamkazia macho. Mama akapokea kikombe kitupu.

Walimsindikiza mgeni hadi barabarani, kama kawaida. Bodaboda ilichelewa, wakasimama juani karibu nusu saa wakiongea habari za mvua. Iliposhika kona ya miwa na kupotea, mama aliketi pale pale kwenye nyasi za kando ya barabara, mtu mzima, akajifunika uso na leso.

"Ameenda na njaa," akasema. "Na ni mama kama mimi. Amekuja na mwavuli wake mpaka hapa, na ameenda na njaa."

Maurine aliona aibu. Si ile aibu ya darasani, ya harufu. Hii ilikuwa nyingine, na haikuwa na dirisha la kukaa karibu nalo. Akakaa naye kwenye nyasi. Walibaki hapo mpaka ng'ombe wa watu wakapita wakirudi kutoka mtoni.

Ujumbe uliingia kwenye simu siku ya kumi na moja, Jumatano asubuhi, mikono ya Maurine ikiwa imelowa, kuku wa ishirini na tisa akiwa nusu. Alimwomba Chebet amsomee. Chebet alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kwamba ombi la Maurine Osiako limekubaliwa kwa muhula wote wa mazoezi, na kwamba aripoti shuleni tarehe fulani.

Ungetarajia aruke. Hakuruka. Alikaa juu ya debe lililogeuzwa, akaweka yule kuku mapajani, na akaendelea kumnyonyoa hadi alipomaliza, kwa sababu mikono haikuwa imepata habari. Kisha akamwangalia Chebet akasema, "Nimechoka sana." Ndiyo furaha yote aliyokuwa nayo.

"Naona," Chebet akasema. Akachagua jogoo mmoja mkubwa kwenye kizimba, akamwita mzee wa Mumias achinje. Maurine alipoinuka kwenda kwenye maji, Chebet akamsukuma arudi kwenye debe. "Leo hunyonyoi. Kaa." Akakunja mikono ya sweta akamnyonyoa mwenyewe, polepole na vibaya vibaya, maana alikuwa amekwisha kusahau, akamfunga kwenye gazeti pamoja na firigisi yake. "Mpelekee mama yako."

Mama alipoambiwa kwamba imekubaliwa alisema, "Asante Mungu," akapokea jogoo, akaingia jikoni. Hakuuliza ni kiasi gani. Aliwasha moto mkubwa kuliko uliohitajika, moshi ukatoka kwenye kila ufa wa paa, hata wa barabarani angeuona. Akasonga obusuma, ule ugali wa mtama, akapakua, akaleta maji ya kunawa. Walikula. Maurine alikuwa hajamla kuku kwa hamu tangu aanze kazi ile, lakini siku hiyo alimla, na nyama ilikuwa tamu, na kwa mara ya kwanza alianza kujiona amesimama mbele ya darasa, chaki mkononi, bila harufu yoyote.

Ndipo alipoona sahani ya tatu. Ilikuwa mwisho wa meza, ndogo, imefunikwa na nyingine. Akaifunua. Ndani kulikuwa na firigisi, imepasuliwa katikati kama inavyopasuliwa ikisafishwa, na mchuzi wake.

"Hii ni ya nani, mama?"

Mama alikuwa akikusanya makombo ya ugali kwa ncha ya kidole, moja moja, akiyarundika ukingoni mwa sahani.

"Yule mwalimu," akasema, "siku ile akitoka hapa, alienda kula wapi?"

Maurine akaifunika tena.